Baraza la mbao Entebbe: nifanye nini kabla ya mvua za vuli?

Nyumba_Ziwani

Habari za humu. Nina baraza la mbao nyuma ya nyumba, Entebbe, upande unaotazama ziwa. Urefu ni mita 5, upana mita 4, na limeinuka nusu mita kutoka ardhini. Sakafu ni mvule inchi 6 kwa 1, boriti za chini ni paina inchi 4 kwa 2, nguzo ni kalitusi zilizofukiwa ardhini moja kwa moja. Lina miaka minne na halijaguswa. Mbao zimegeuka kijivu, kando ya ukuta kuna ukijani unaoteleza, na misumari kadhaa imeinua vichwa, kila mmoja na doa jeusi lake. Seremala anataka apige vanishi mikono miwili mizito yaishe. Jirani anasema hakuna kama oili chafu ya gari, eti inazuia mvua na mchwa kwa pamoja. Agosti ndiyo hii inaanza. Nimsikilize yupi, na ninunue vitu kiasi gani?

Msumeno_Ndeeba

Hakuna wa kusikilizwa hapo. Chukua tochi na bisibisi bapa, uingie chini ya baraza kabla hujanunua hata msasa.

Kiini cha mvule kinastahimili maji miaka mingi. Paina isiyotiwa dawa haistahimili. Kwa hiyo baraza kama lako huoza kuanzia chini: juu unaona sakafu nzima kabisa, kumbe mifupa imekwisha. Choma bisibisi sehemu tatu. Ya kwanza ni ule ubao uliofungwa ukutani, ambao boriti zote zinauegemea. Ya pili ni mgongo wa kila boriti, pale mbao za sakafu zinapolala, hasa kwenye matundu ya misumari. Ya tatu ni nguzo, kuanzia sentimita 5 juu ya udongo hadi sentimita 10 chini yake. Fukua kidogo uone. Bisibisi ikizama zaidi ya nusu sentimita bila kusukumwa kwa nguvu, hapo pameoza.

Boriti iliyoliwa katikati tu unaibandikia nyingine mpya ubavuni, ipite sehemu mbovu kwa sentimita 60 kila upande, na kufungwa kwa bolti za milimita 10 zinazopishana juu na chini kila sentimita 30. Ikiwa imeoza kwenye ncha inayobeba uzito, usiiungeunge. Itoe. Ukinunua paina, chagua iliyotiwa dawa kwa presha, na kila ncha utakayoikata uipake dawa tena, kwa sababu msumeno umefungua sehemu ambayo dawa haikufika.

Kabla ya kurudisha sakafu, laza juu ya kila boriti ukanda wa ile nailoni nyeusi ya DPC inayowekwa kwenye msingi wa nyumba, upana wa sentimita 7 hivi ili ukanda utokeze kidogo pande zote mbili. Ni kitu cha bei ndogo, na ndicho kinachozuia maji yasiingie kwenye matundu ya skrubu.

Ukijani wa kando ya ukuta nao una sababu yake. Maji yanakaa pale. Angalia mfereji wa bati juu: aidha umejaa majani, au umelala kinyume unamwagia palepale. Halafu ule ubao wa ukutani usibanwe moja kwa moja kwenye plasta. Weka washa nene nyuma ya kila bolti zibakize upenyo wa sentimita 1, maji yapite na upepo ukaushe.

Bisibisi_na_Keekee

Naongeza juu ya misumari. Iliyochomoza usiigonge irudi. Mbao hunywa maji zikavimba, hukauka zikasinyaa, na kila mzunguko unausukuma msumari juu kidogo. Tundu limeshapanuka, ukiugonga leo Oktoba umetoka tena. Ng'oa, weka skrubu namba 10 ya inchi 2 na nusu.

Hesabu yako ikiwa utabadilisha zote: boriti zikiwa kila sentimita 40 katika urefu wa mita 5, zinakuwa 14. Upana wa mita 4, mbao za sentimita 15 pamoja na nafasi ya milimita 5, ni mistari 26. Skrubu mbili kila makutano: 728. Mbao za dukani kwa kawaida hazifiki mita 5, kwa hiyo kila mstari una kiungo, nacho kinahitaji skrubu mbili za ziada: 52. Jumla 780, nunua 800. Ziwe za chuma kisichoshika kutu. Weusi unaouona ni chuma kinachoungana na utomvu wa mbao palipo na unyevu, na skrubu nyeusi za kufungia jipsamu zitakuletea uleule kabla ya Krismasi.

Mvule ni mgumu na mara nyingine una vijiwe vyeupe ndani vinavyoua makali ya keekee. Toboa kwanza kwa ncha ya milimita 4, sentimita 2 kutoka ukingoni. Kwenye viungo ndipo mafundi wengi wanapokosea: ncha mbili za mbao zinagawana boriti moja ya inchi 2, kila moja ina inchi 1 tu ya kulalia, skrubu inakaa pembeni mno na mbao inapasuka. Ongeza kipande cha boriti ubavuni mwa ile ya kiungo, kila ncha ipate yake.

Nafasi kati ya mbao upime kwa msumari wa inchi 4, unene wake unatosha. Zilizojaa majani na udongo zisafishe kwa wembe wa msumeno wa chuma. Usipozisafisha, udongo ule unashika maji kama sponji na mbegu zinaota humo.

Mafuta_na_Msasa

Sasa usafi na upakaji.

Ukijani: Jik sehemu moja, maji sehemu kumi, mwagia, subiri dakika 10 hadi 15 bila kuacha ikauke, sugua kwa brashi ya nailoni kufuata nyuzi za mbao, suuza kwa maji mengi. Mara moja tu. Ukirudiarudia, Jik inakula uso wa mbao na kuacha manyoya. Brashi ya waya usiiguse. Inaacha chembe za chuma zinazogeuka madoa meusi. Mashine ya presha inafaa ukishika bomba sentimita 30 mbali. Ukilisogeza karibu unachimba mifereji.

Kijivu na weusi wa misumari: asidi ya oksaliki, ukiipata kwa wauza kemikali. Gramu 30 kwa lita 1 ya maji ya uvuguvugu, kwenye ndoo ya plastiki. Lita 5 zinatosha mita zako 20 za mraba, yaani gramu 150. Paka, acha dakika 20, suuza. Ni sumu: vaa glavu na miwani, na watoto na kuku wawe mbali. Isikutane kabisa na Jik, hata mabaki yake mbaoni, kwa kuwa asidi na Jik hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Fanya siku tofauti, na katikati suuza kama unayelipwa kwa ndoo.

Acha ikauke siku 3 za jua. Kupima, bandika kipande cha plastiki safi kwa selotepu jioni. Asubuhi ukikuta umande upande wa chini, bado. Kisha msasa namba 60, umalizie na 80. Usiende juu ya 100, uso ukiwa laini mno haunywi mafuta. Vaa barakoa, vumbi la mvule linawasha ngozi na kifua.

Vanishi iache. Inatengeneza ngozi juu ya mbao, na mbao haitulii: inavimba na kusinyaa hadi ngozi inapasuka. Jua la hapa karibu na ikweta linaichanachana zaidi. Maji yanaingia kwenye nyufa, hayapati pa kutokea, na mwakani unakwangua baraza zima. Vanishi ni ya milango na meza za ndani.

Tumia mafuta ya mbao ya nje yenye rangi kidogo. Yasiyo na rangi yanafukuza maji lakini jua linapita, kijivu kinarudi. Mkono wa kwanza kwenye mbao kavu kama zako, lita 1 itakwenda mita 8 za mraba. Wa pili, mita 10 au 12. Debe la lita 5 linatosha mikono yote miwili na ncha za mbao, ambazo uzipake mara tatu kwa kuwa ndizo zinazokunywa kuliko uso. Mvule una utomvu unaochelewesha mafuta kukauka, kwa hiyo pangusa kwa kitambaa chenye thina muda mfupi kabla ya kupaka. Baada ya dakika 15 au 20 futa yote yasiyoingia. Yakibaki juu yananata wiki nzima.

Vitambaa ulivyofutia usivikunje ukavitupa pembeni. Mafuta yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa kinaweza kushika moto chenyewe. Vitandaze nje au vitumbukize kwenye maji.

Nyumba_Ziwani

Asanteni sana. Kwa hiyo oili chafu haina kazi hata kwa nguzo? Nimeona njia za udongo kwenye mbili.

Adui_wa_Mchwa

Njia za udongo ni mchwa wanaofanya kazi. Bomoa kipande cha sentimita 5, rudi kesho kutwa: zikiwa zimezibwa, wapo hai. Usisubiri kuona nswa (kumbikumbi) wanaruka ndipo ushtuke. Hao hutoka kwenye vichuguu baada ya mvua, wanaweza kuwa wa shamba la jirani, na wengi wetu tunawakimbilia na sufuria.

Oili chafu inakaa juu juu tu. Ndani ya nguzo mchwa wanapita kama kawaida. Haikauki, inashika vumbi, inachafua miguu, na mafuta mazuri hayaingii tena palipopakwa. Humo mna masizi na metali kutoka kwenye injini, vitu ambavyo mtoto anayetambaa hapaswi kuvigusa, na mvua ikija vinateremka ziwani.

Nguzo ya kalitusi iliyofukiwa huoza pale udongo unapokutana na hewa. Suluhisho ni kuitoa udongoni. Tegemeza boriti kwa jeki na miti miwili kila upande, kata nguzo, mwaga zege lenye kimo cha sentimita 15 juu ya ardhi, kisha ketisha nguzo kwenye kiatu cha chuma kilichozamishwa humo. Fanya nguzo moja, imalize, ndipo uende nyingine. Ukiamua kufukia nguzo mpya zilizotiwa dawa, ncha uliyoikata iwe juu, kamwe isiwe ardhini.

Dawa ya mchwa, Container Village pale Nakivubo, Kampala, wanauza zenye imidacloprid au bifenthrin. Vipimo vya kuchanganya fuata kibandiko. Chimba kijifereji cha kina cha sentimita 30 kuzunguka nguzo, mzunguko wa mita 1 hivi, mwaga lita 5 za dawa iliyochanganywa, rudisha udongo ukiulowesha kwa dawa hiyohiyo. Usifanye siku yenye dalili ya mvua, wala karibu na kisima au mtaro unaoelekea ziwani. Hapo tegemea zege na kiatu cha chuma peke yake.

Msumeno_Ndeeba

Na chini ya baraza pasizibwe. Kuna watu wanapiga mabanzi pembeni ili paka wasiingie, upepo ukikosa pa kupita kazi yote hii ni bure. Wavu wa waya unatosha. Ardhi ya chini iteremke sentimita 2 kila mita kwenda mbali na nyumba, umwage kokoto juu.

Nyumba_Ziwani

Swali la mwisho: huku mvua hupenda kuja alfajiri kutoka ziwani. Nikishikwa nimeshapaka?

Mafuta_na_Msasa

Ndiyo maana usipake jioni. Anza kama saa nne asubuhi, umande ukiwa umekwisha, na usitishe kupaka mbao zikishakuwa moto kiasi kwamba kiganja hakivumilii, kwa sababu hapo mafuta hukauka juu kabla hayajaingia. Mkono wa pili siku inayofuata. Mvua ikikushika kabla ya muda wa saa sita kupita tangu upake, utaona madoa meupe. Usiyapake juu kwa haraka. Acha pakauke siku 2, kwaruza sehemu ile kwa msasa 100, pangusa na thina, paka tena hapo tu, ukivutia mafuta hadi mwisho wa ubao ili mpaka usionekane.