Tupeane uzoefu: mwanga kuvuja pembeni mwa kioo cha laptopu, mlifanyaje nyumbani?

Mhariri wa Mkomani
Asalaam aleikum wenzangu. Nahariri video za harusi hapa Lamu, na kazi naifanya usiku. Nyumba zetu za mawe mnazijua, ukifunga dirisha la chumba cha ndani hakuna hata mwanga wa mwezi. Sasa kona ya chini kushoto ya kioo inatoa weupe. Mama amevaa buibui kasimama gizani: bega moja jeusi, bega la pili kijivu. Nikikifuata kioo nitaharibu rangi za watu. Aliyewahi kuupunguza mwanga huu kwa mikono yake atusimulie. Ya kusikia kwa jirani tuyaache.

Fundi wa Maweni, Malindi
Waleikum salaam dada. Kabla hujashika bisibisi, jua kwanza una tatizo gani. Kioo cha LCD hakina mwanga wake. Kuna taa za LED ukingoni, mara nyingi upande wa chini, na nyuma ya kioo kuna karatasi za plastiki zinazoutandaza mwanga huo. Fremu ikibana mahali pamoja kuliko pengine, mwanga unapenya hapo.

Weka picha nyeusi tupu ijae skrini, zima taa, mwangaza uache kwenye kiwango unachofanyia kazi. Kisha sogeza kichwa kushoto, kulia, juu. Weupe ukihama au kufifia, hiyo ni tabia ya vioo vya IPS, aina mojawapo ya LCD, na hakuna skrubu ya kuuondoa. Ukiganda palepale, unavuja. Na tafadhali msiupime kwa picha ya simu. Gizani kamera huvuta mwanga mwingi, kioo kizima kikaonekana kibovu.

Mwalimu, Langoni
Yangu ilikuwa kona ya juu. Begi lililaliwa na magunia kwenye boti kutoka Mokowe, na tangu siku hiyo weupe. Niliizima, nikachomoa chaji, nikabandua vile vipande vya mpira vinavyoficha skrubu za fremu. Skrubu ya kona nikailegeza kidogo tu. Halafu nikapitisha kadi ya plastiki ukingoni polepole, nikaona klipu moja imetoka mahali pake na fremu inakilalia kioo. Niliibonyeza ikalia "tak", ikakaa. Weupe ulipungua sana, ukabaki kivuli ambacho mchana sikioni.

Wa Shela
Mimi sikufungua chochote, laptopu ilikuwa bado ina waranti. Niliweka taa ndogo nyuma yake imulike ukuta wa chokaa, nikateremsha mwangaza wa skrini. Kuvuja kupo vilevile, ila jicho halikuoni tena. Kwa kutazama mpira yanitosha kabisa.

Mama Duka, Barani
Angalieni na betri jamani! Yangu ilivimba, padi ya kipanya ikainuka, na kila nikifunga kifuniko kioo kinasukumwa kwa chini. Fundi alibadilisha betri kwanza, kioo baadaye. Iliyovimba usiibonyeze wala usiitoboe, inaweza kushika moto.

Mhariri wa Mkomani
Ahsanteni sana. Ami fundi, na wale wanaokanda kioo kwa kitambaa? Na tepu nyeusi?

Fundi wa Maweni, Malindi
Kukanda husaidia mara nyingine: laptopu imezimwa, kitambaa laini cha miwani, kidole kimoja, ukingoni tu. Lakini vioo vingi ninavyoletewa na doa jeupe la kudumu katikati vimetokana na kukandwa kwa nguvu. Mimi sikushauri, hasa wewe ambaye kioo ndicho mtaji. Tepu ya umeme ndani ya fremu inaziba, ila ikiwa nene inabana kioo na kuvuja kunazidi. Na ukishafungua, funga siku hiyohiyo. Hewa yetu ya bahari ina chumvi na unyevu, haifai kuingia humo.

Mhariri wa Mkomani
Nimepima usiku huu. Kulia weupe unahama nikihama, kushoto umeganda. Kwa hiyo nalegeza skrubu ya kushoto peke yake. Robo mzunguko, ami?

Fundi wa Maweni, Malindi
Chini ya robo kwanza. Washa, tazama, ndipo uongeze. Za bawaba usiziguse mwanangu, hizo ndizo zinazobeba kifuniko kizima.