Treni ya Tabora–Kigoma msimu wa mvua: nitazame mawingu ya wapi?

Mtoto_wa_Isevya ameuliza:

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada wa wanaoijua Reli ya Kati, hasa kipande cha huku kwetu.

Napanga safari za Tabora–Kigoma kwa treni kuanzia Desemba hadi Aprili, kwenda na kurudi kila baada ya wiki mbili. Kabla ya kwenda stesheni mtu hutazama utabiri wa Tabora kwenye simu, kisha wa Kigoma, kisha vichwa vya habari vya wiki. Lakini vyote hivyo haviendani na treni. Jua linawaka Tabora, Kigoma kukavu, treni haijafika. Siku nyingine mvua inamwagika kama imefunguliwa bomba na treni hiyo inaingia kwa saa yake.

Je, ni utabiri wa wapi unaofaa kufuatwa? Na nikiona kichwa cha habari kama "Mvua yakata njia ya reli" au "Safari za treni kurejea", nitajuaje kinanihusu au la? Mwenye ujuzi wa kupakia dagaa na mawese wakati wa kurudi naye asipite kimya.

---

Taruma_la_Chuma amejibu:

Mkuu, mawingu ya Tabora waachie wenye mashamba ya tumbaku. Kama treni unayoisubiri imetoka Dar es Salaam, tazama Kilosa.

Kati ya Kilosa na Gulwe kuna takriban kilomita 80 ambako reli inatembea bega kwa bega na mto Mkondoa. Wajerumani walijenga njia hii kutoka Dar kuanzia mwaka 1905, wakafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na bonde la Mkondoa ndilo lililokuwa mlango rahisi wa kupandia nyanda za juu. Rahisi kupanda, ghali kutunza. Mto unabeba mchanga kutoka juu, mchanga unajaa kitandani mwake, kina kinapungua, na maji yakija hayana pa kwenda isipokuwa kwenye tuta la reli. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu kipande hicho vibaya mno.

Angalia pia kwamba maji ya Mkondoa si ya Kilosa peke yake. Kinyasungwe unateremka kutoka upande wa Dodoma ukipokea mito ya Kongwa na Mpwapwa, kisha maji hayo yote yanashuka bondeni. Kwa hiyo Kilosa inaweza kuwa kavu kabisa na bado mto ukaja juu kwa sababu ya mvua ya jana Mpwapwa.

Treni ya kutoka Dar inapita bonde hilo nusu siku na zaidi kabla ya kufika Tabora. Ukitaka kujua kesho yako, soma utabiri wa jana na leo wa Kilosa, Mpwapwa, Kongwa na Dodoma. Ukiona mvua kubwa siku mbili mfululizo huko, piga simu stesheni kabla ya kufunga begi.

Jinsi njia inavyokatika: kalavati linaziba kwa magogo na mchanga, maji yanajaa upande mmoja wa tuta kama bwawa, yanaanza kupenya chini na kuondoka na udongo laini. Kwanza kokoto zinakwenda, kisha udongo, mwisho reli na mataruma (vile vipande vinavyolaliwa na reli) vinabaki vikining'inia hewani kama ngazi. Ndiyo maana mvua kubwa ikinyesha, kiberenge, kile kigari kidogo cha reli, hutangulia kukagua kabla treni haijaruhusiwa. Kiberenge kikichelewa, treni inakaa. Huko si uzembe, mtu anahesabu mataruma.

---

Mwanamalagarasi amejibu:

Taruma amesema kweli kuhusu Kilosa, lakini amesahau upande wa magharibi. Baada ya Kaliua reli inapita Usinge, Nguruka, Malagarasi hadi Uvinza, na huko kuna maji mengi kuliko Mkondoa. Mvua ikinyesha Nguruka, jiandae.

---

Taruma_la_Chuma amejibu:

Hapana, mkuu, hapo nakupinga kidogo. Malagarasi hauna tabia ya Mkondoa. Mkondoa ni mto wa hasira, unapanda kwa saa chache na kushuka vilevile. Malagarasi unapita kwanza kwenye ardhi oevu kubwa, Malagarasi–Muyovozi, ile iliyoingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000 ikiwa ya kwanza kwa Tanzania. Mafunjo na mabwawa yale ni sifongo. Yanameza mvua ya Januari na kuitoa taratibu, kilele chake huja mwishoni mwa msimu, hata mvua zenyewe zikiwa zimeanza kukata.

Maana yake kwa msafiri: mvua ya leo Nguruka haikuambii kitu kuhusu Malagarasi wa leo. Ila msimu mzima ukiwa umetangazwa "juu ya wastani", basi Machi, Aprili hadi Mei uwe macho na upande huo. Kinachosumbua Nguruka siku hiyohiyo ya mvua ni vijito vidogo na makalavati yake.

---

Mwanamalagarasi amejibu:

Sawa, nimekubali hoja ya sifongo. Kwa vijito sijarudi nyuma.

---

BintiUjiji amejibu:

Niongezee kuhusu kusoma utabiri, maana naona wengi wanasoma asilimia kama alama za mtihani.

Kwanza, Tabora na Kigoma tuko kwenye maeneo ya msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, Kigoma mara nyingi ikitangulia kuanza. Ukisikia redioni "vuli" na "masika" zinatangazwa, hizo ni za pwani, kaskazini na ukanda wa Ziwa Victoria. Usizipangie safari ya huku. Kilosa usiisahau: iko mkoa wa Morogoro, tangazo lake lifuate kivyake.

Pili, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikisema "mvua za wastani" ina maana kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu. Juu ya 125 ndiyo "juu ya wastani". Ni habari ya msimu mzima, haikuambii lolote kuhusu Ijumaa.

Cha kufuata kwa safari ni utabiri wa hali mbaya ya hewa wa siku tano. Rangi ya njano ni angalizo, ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni mbaya zaidi. Usiishie kwenye rangi. Chini yake kuna vitu viwili tofauti: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari. Uwezekano mdogo wenye athari kubwa Kilosa kwako ni mzito kuliko uwezekano mkubwa wenye athari ndogo.

"Mvua kubwa" kwao ni kuanzia milimita 50 ndani ya saa 24. Upate picha: bati la nyumba ya mita 10 kwa 6 linakusanya lita 3,000. Sasa fikiria mlima mzima wa Mpwapwa.

Na hiyo "asilimia 60" ya kwenye simu haina maana kwamba itanyesha kutwa, wala kwamba mvua itakuwa kubwa. Ni kwamba siku kumi za namna hiyo, sita hupata mvua mahali hapo. Kwa reli asilimia haina kazi sana, tafuta milimita.

---

Kipaza_Sauti amejibu:

Mimi nishike vichwa vya habari tu.

Kiswahili cha magazeti kina kanuni zake. "Treni yarejea" ina maana imesharejea. "Treni kurejea" ina maana itarejea, au mtu fulani amesema itarejea. Herufi mbili tu, lakini watu wanakwenda kulala stesheni kwa sababu ya "kurejea". Vilevile "Njia yafunguliwa" na "Njia kufunguliwa". Kitenzi kikianza na *ku-*, soma hadi chini utafute siku.

Halafu tazama ni reli ipi, maana tunazo tatu na waandishi wanaandika "treni" tu:

– Reli ya Kati ya zamani, upana wa mita moja, injini za dizeli. Ndiyo yako.
– SGR, ile reli mpya ya kisasa, upana wa milimita 1,435, treni za abiria za umeme. Abiria walianza Dar–Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma Julai mwaka huohuo. Ukisoma "hitilafu ya umeme yakwamisha treni", ni hii. Treni ya Kigoma haitumii waya.
– TAZARA, Dar kwenda Kapiri Mposhi nchini Zambia kupitia Mbeya. Haifiki Tabora hata kwa bahati mbaya.

Habari za mikataba ya SGR Tabora–Kigoma nazo zisikuchanganye: mkataba ulisainiwa Desemba 2022, lakini mkataba haubebi abiria. Na anayepanga kushuka SGR Dodoma aunganishe treni ya zamani ajue stesheni ni mbili tofauti, aache muda wa kuhamisha mizigo.

Tangazo linalosambazwa kwenye simu likiwa na neno "leo" bila tarehe, lihesabu kama halijakufikia. Picha za reli inayoning'inia huwa zinarudi kila Januari. Tafuta jina la stesheni mbili ("kati ya fulani na fulani") na tarehe kamili. Tangazo la kweli la reli karibu siku zote lina vyote viwili, kwa sababu wafanyakazi wenyewe wanahitaji kujua wapeleke kokoto wapi.

---

Mtoto_wa_Isevya ameuliza:

Asanteni sana. Hiyo ya *ku-* imenifungua macho. Swali dogo: njia ikishafunguliwa kweli, niamini ratiba siku hiyohiyo?

---

Taruma_la_Chuma amejibu:

Usiiamini, angalau siku mbili tatu za mwanzo. Tuta jipya halijashikamana, treni zinapita hapo kwa mwendo wa kutembea mpaka kokoto zikae sawa. Pili, njia ni moja. Treni zinapishana stesheni tu, moja inaingia njia ya pembeni, nyingine inapita. Njia ikifungwa siku mbili, mabehewa ya mizigo yanarundikana pande zote, na njia ikifunguliwa kila mmoja anataka kupita. Treni moja ikikosa mapishano yake Dodoma, utaisikia hadi Uvinza.

Jambo jingine la Tabora: hapa ni njiapanda. Njia ya Mwanza inaachana hapa, na ya Mpanda inaachana mbele, Kaliua. Mabehewa hukatwa na kupangwa upya stesheni, na behewa lililokuwa mbele linaweza kuwa nyuma. Usikariri mahali lilipokuwa. Soma namba ya behewa kwenye tiketi, soma namba iliyoandikwa ubavuni, na muulize mhudumu "hili la Kigoma?" kabla ya kupandisha mzigo. Kulala fofofo Tabora na kuamkia njia ya Mpanda kunawezekana kabisa.

---

BintiUjiji amejibu:

Na saa! Tiketi inaandikwa kwa saa 24. 21:15 ni saa 3:15 usiku, 05:30 ni saa 11:30 alfajiri. Unaongeza au kupunguza sita, hiyo wote tunaijua. Balaa liko kwenye saa za baada ya usiku wa manane. Tiketi ya "Jumatano 00:40" ni saa 6:40 ya usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano. Anayekwenda stesheni Jumatano baada ya chakula cha jioni amechelewa kwa karibu saa 20. Huku Ujiji wazee wakisema "usiku wa Jumatano" wanakusudia huohuo wa kuamkia Jumatano, maana kwao siku inaanza jua likizama. Vijana wakisema hivyo wanakusudia usiku unaofuata. Ukikatiwa tiketi na mtu mwingine, mwambie akusomee tarehe, si jina la siku.

---

Dagaa_Mkavu amejibu:

Mzigo sasa. Dagaa wasipakiwe wakiwa bado na joto la jua. Wakifungwa hivyo hutoa jasho ndani ya gunia, na kufika Tabora kuna ukungu na harufu. Waanike, waache kivulini wapoe kabisa, ndipo uwatie. Mfuko wa nailoni ndani, gunia nje, na mdomo wa nailoni uukunje usiufunge kwa kukaza. Ukimvunja dagaa akapinda badala ya kukatika "tak", hajakauka, ongeza siku. Msimu wa mvua jua la Kibirizi, hapo Kigoma, halitabiriki, hivyo nunua waliokauka tayari na ujaribu kuwavunja kutoka katikati ya gunia, si juu.

Mawese: dumu la lita 20 lisijazwe hadi mdomoni. Acha vidole vitatu, kwa sababu mafuta yanatanuka yakipata joto la mchana na mfuniko unaanza kuvuja. Weka kipande cha nailoni chini ya mfuniko kabla ya kukaza, kisha lisimamishe, usililaze. Dumu likijaa ni kilo 18 hivi, ujue unavyopanga vibarua. Mawese yakiganda kwa baridi ya usiku hayajaharibika, yatayeyuka.

Usiweke dagaa chini na mawese juu. Wanaofanya hivyo wanajulikana behewa zima.

---

Mtoto_wa_Isevya amejibu:

Nimeelewa. Kilosa na Mpwapwa kwanza, kisha simu ya stesheni. Dagaa_Mkavu, dumu la lita 10 nalo niache vidole vitatu?

---

Dagaa_Mkavu amejibu:

Viwili vinatosha.