Naombeni ushauri: ruta ya VPN na fayawoli, bajeti laki tatu

Mpambanaji wa Vipuri: Wakuu, salaam. Nina duka la vipuri Kariakoo na tawi Morogoro. Programu ya stoo iko kwenye kompyuta ya Kariakoo. Nataka kijana wa Morogoro aione kwa VPN, ile njia ya siri ya kuunganisha sehemu mbili kupitia intaneti, bila kunipigia simu mara 20 kwa siku. Nichukue MikroTik hEX au TP-Link ER605? Mwisho wa mwezi nafunga hesabu, usingizi sipati.

Fundi Nyaya: Zote zina poti 5 na VPN, ila hazina Wi-Fi, usije ukashangaa. hEX inakubali WireGuard, aina ya VPN, kuanzia programu yake ya RouterOS 7, lakini kama hujazoea Winbox ya kuiseti utalia. Intaneti yako ni faiba au laini ya simu?

Bibi Kitenesi: TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, si walitaka VPN zisajiliwe tangu Oktoba 2023? Malizana nao kwanza ndiyo uulize bei.

Kobe Mzee: Mimi niliona VPN gharama, nikaacha poti 3389, ule mlango wa Windows wa kuingilia kwa mbali, wazi niingie kwenye kompyuta nikiwa nyumbani. Wiki ya pili mafaili yote yamefungwa, naambiwa nilipe bitikoini. Madeni ya wateja nayakumbuka kwa kichwa mpaka leo. Wenyewe hawakumbuki.

Mpambanaji wa Vipuri: Pole mzee wangu. Fundi, intaneti iko vizuri, kasi haisumbui.

Fundi Nyaya: Sijauliza kasi.

Mpambanaji wa Vipuri: Ni laini, pande zote mbili. Halafu niseme tu ukweli, nimeshampa shemeji laki na nusu ya boksi la fayawoli, lile la kuzuia wavamizi wa mtandao, mtumba wa Dubai. Leseni imeisha, lakini ni chuma kitupu, lina feni mbili! Hiyo hEX si kiplastiki tu?

Bibi Kitenesi: Feni mbili kulinda bushi na beringi 😂

Jicho Pembeni: Mnapigwa. Huyu anauza hilo boksi. Juzi juzi alikuwa humu anauza vifaranga Mbeya, leo ana duka Kariakoo. Kama ruta unayo, ingia kwenye ukurasa wake utuwekee namba mbili za mwanzo za IP ya WAN, yaani anwani ya ruta upande wa intaneti.

Mpambanaji wa Vipuri: Vifaranga ni vya mke wangu. Inaanza na 100.83. Umeridhika?

Fundi Nyaya: Jamaa hatudanganyi, na shida yenyewe ndiyo hiyo. 100.64 mpaka 100.127 ni anwani za kushea: mmerundikwa wateja wengi nyuma ya anwani moja. Morogoro ikipiga hodi, Kariakoo haisikii, hata boksi liwe na feni kumi. Omba kampuni ya laini ikupe anwani ya umma, isiyo ya kushea, walau upande mmoja. Ukikosa, kodi seva ndogo ya mtandaoni, ruta zote mbili ziiendee kwa WireGuard. hEX inaiweza hiyo kazi.

Mpambanaji wa Vipuri: Na leseni ya boksi ikilipiwa, haitoboi hapo?

Fundi Nyaya: Haitoboi.

Jicho Pembeni: Nafuta kauli. Vifaranga bado vipo?