Mzee Jumbe alijiuzulu au alijiuzulishwa?

Mwalimu wa Wete
Assalamu alaykum wakubwa zangu. Nasomesha historia kidato cha tatu, skuli moja huku Wete. Jana nilifika kwa Mzee Aboud Jumbe: kashika nchi Aprili 1972 baada ya Mzee Karume kuuawa, kajiuzulu Januari 1984. Mtoto mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, hapakuwa na uchaguzi wala mapinduzi. Sasa nani alimuangusha?" Nilichokuwa nacho ni ile sentensi moja tuliyoikariri sote, kwamba hali ya hewa ya kisiasa ilichafuka. Sikuona haya kumwambia anipe siku mbili. Aliyekuwepo wakati ule naomba anieleze.

Babu wa Ng'ambo
Waalaykum salaam mwanangu. Nilikuwa kijana, barza yetu iko Mlandege, redio katikati, na mwezi ule hakuna aliyekuwa akiondoka mapema.

Waambie wanafunzi waanzie 1977, wasianzie 1984. Zama za ASP, rais wa Zanzibar alikuwa na chama chake hapa hapa Kisiwandui. Tarehe 5 Februari 1977 ASP na TANU, chama cha Bara, zikaungana, ikazaliwa CCM, na Jumbe mwenyewe ndiye aliyetuongoza kuingia humo. Kwa maoni yangu siku ile alitoa mpini akabaki na makali. Tokea hapo kikao cha kumpandisha na kumshusha kikawa Dodoma.

Haki yake tumpe. Katiba ya Zanzibar ya 1979 ni ya wakati wake, na Baraza la Wawakilishi lilianza 1980. Kabla ya hapo Baraza la Mapinduzi ndilo lililotunga sheria na ndilo lililotawala. Mwaka huo huo wa 1980 tukapiga kura ya urais, jina lake peke yake, ndiyo au hapana.

Ulipofunguliwa mjadala wa katiba 1983, watu wakasema ya moyoni kuhusu Muungano. Jumbe akataka serikali tatu: ya Zanzibar, ya Tanganyika na ya Muungano. Mwanasheria mkuu wake, Bashir Swanzy, Mghana, akamtayarishia waraka wa kulipeleka suala la Muungano kwenye Mahakama Maalum ya Katiba. Waraka ukafika kwa Mwalimu Nyerere kabla ya kufika mahakamani. Halmashauri Kuu ya CCM ikakaa Dodoma. Jumbe aliingia kikaoni akiwa Rais wa Zanzibar, Makamu wa Rais wa Muungano na Makamu Mwenyekiti wa chama. Alitoka hana hata kimoja. Akahamia Mjimwema, Kigamboni, akaishi huko mpaka alipofariki Agosti 2016.

Linaloniuma mpaka leo ni sisi. Hakuna aliyetoka njiani kumtetea. Tulikuwa tumechoka na foleni, mchele wa kupanga mstari tokea alfajiri. Akaja Mzee Mwinyi kushika nafasi yake, biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa, na barzani jina la Jumbe likawa halitajwi. Alikuwa akidai la Zanzibar, na Zanzibar tulinyamaza.

Mtoto wa Mtambwe
Shikamoo babu. Nakubali, lakini Dodoma haikumaliza kila mtu. Maalim Seif Sharif Hamad aliondolewa uwaziri kiongozi Januari 1988, chama kikamfukuza mwaka ule ule, 1989 akawekwa ndani mpaka 1991. Kwa hesabu ya Jumbe, huyo kesha kwisha. Lakini 1995 aligombea urais wa Zanzibar kwa CUF, akatangaziwa asilimia 49.8 dhidi ya 50.2 za Salmin Amour wa CCM. 2015 uchaguzi ukafutwa, 2019 akahama CUF kwenda ACT-Wazalendo, na watu wakahama naye, "shusha tanga, pandisha tanga". Urais hakuupata. Februari 2021 tulimzika hapa Mtambwe, na bibi yangu, ambaye magoti yamemshinda siku nyingi, alitaka abebwe mpaka njiani. Mtu wa hivi utasema alianguka?

Mkaazi wa Michenzani
Salmin naye msimsahau. Mwaka 2000 wafuasi wake walitaka katiba ibadilishwe apate muhula wa tatu, chama kikakataa. Na kwenye kumtafuta mrithi, Dk. Bilal, waziri kiongozi wake, ndiye aliyekuwa mbele hapa nyumbani. Dodoma wakamchagua Amani Karume, mtoto wa Mzee Karume. Mpini alioutaja babu haujarudi.

Babu wa Ng'ambo
Marahaba, mtoto wa Mtambwe. Umenizidi. Maalim alikuwa na watu ambao hawakupewa na chama, walikuwa wake tokea akisomesha. Jumbe naye alikuwa mwalimu, lakini cheo kilimtangulia, sisi tukamjua kwa redio na msafara wa magari.

Mwalimu wa Wete
Mzee, Alhamisi nina kipindi nao tena. Unaniruhusu niwasomee maneno yako kama yalivyo?

Babu wa Ng'ambo
Wasomee. Ila pale pa mchele usiparuke.