Mtumbwi na hema Nyumba ya Mungu, siku tatu: tupange vipi na tupakie nini?

njia_ya_kahe

Wakuu salaam. Tuko wanne, wawili Moshi na wawili Arusha. Mapumziko ya Sabasaba tunataka kuzunguka sehemu ya bwawa la Nyumba ya Mungu kwa mitumbwi, siku tatu, tukilala nje usiku mbili. Mitumbwi ipo, miwili ya faibaglasi yenye urefu wa mita 5 hivi, kila mmoja watu wawili. Wote tunaogelea na tumeshapiga kafi Ziwa Duluti, ila ni saa moja moja tena bila mzigo. Mahema tutakodi kwa hawa wanaokodisha vifaa vya mlimani.

Maswali: mzigo usizidi kilo ngapi, maji ya kunywa tufanyeje, na kwa siku tuhesabu kilomita ngapi? Mwenzetu mmoja anasema bora maziwa ya Momella, mandhari ni nzuri zaidi.

kafi_mbili

Momella iondoeni kwenye hesabu. Mtumbwi kule ni matembezi ya saa chache ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kwa utaratibu wa hifadhi na mwongozaji wao. Halafu maji yale ni ya magadi na floraidi yake ni kubwa mno. Kuchemsha hakuondoi floraidi, kunaizidisha kwa kuwa maji yanapungua na yenyewe inabaki sufuriani.

Kwa bwawa, anzeni na maji ya kunywa, maana ndiyo yanayoamua mengine yote. Kule tambarare jua ni kali hata Julai. Wekeni lita 5 kwa mtu kwa siku, kunywa na kupika pamoja. Watu wanne siku tatu ni lita 60, ongezeni 20 za akiba, inakuwa 80. Jazeni Moshi kabla ya kuondoka. Msitumie madumu ya lita 20, chukueni manane ya lita 10, manne kila mtumbwi. Dumu la lita 10 mtu mmoja anaweza kulisogeza akiwa amepiga magoti bila kuyumbisha chombo, la 20 litakushinda. Likiisha maji, lifunge kifuniko kabisa libaki kama boya.

Mtumbwi mmoja basi: watu wawili kilo 140, maji 40, chakula 10, hema na malazi 12, jiko na mkaa na vyombo 12, kamba, kafi ya akiba na huduma ya kwanza 6. Jumla 220. Usiamini namba peke yake. Pakieni kila kitu, kaeni ndani kwenye maji tulivu, mpime kutoka usawa wa maji hadi ukingo pale katikati ulipo chini zaidi. Zikibaki chini ya sentimita 15, punguzeni mzigo, na wa kupungua usiwe maji.

Mpangilio: vizito chini kabisa na katikati, vyepesi omo (mbele) na tezi (nyuma), chochote kisizidi ukingo kwa urefu. Mkienda kinyume na upepo, sogezeni dumu moja mbele kidogo, omo ikiwa nyepesi upepo unaisukuma pembeni na mtapiga kafi upande mmoja hadi bega liume. Upepo ukitoka nyuma, dumu lirudi tezi.

Kilomita: mtumbwi wenye mzigo kwenye maji tulivu unakwenda kilomita 4 kwa saa, labda 5. Upepo ukiamka mtapata 2. Pangeni 12 kwa siku na si zaidi, muanze saa 12 asubuhi, saa 4 muwe mmeshafika. Mchana bwawa lile lina upepo na mawimbi mafupi yanayofuatana haraka, na mawimbi mafupi ndiyo yanayojaza mtumbwi. Yakiwakuta, yakateni kwa mshazari, msiyape ubavu, na wote mpige magoti.

mtu_wa_ruvu

Nakubaliana na mengi ila saa 12 hapana. Julai saa 12 asubuhi bado ni giza, na ndio muda viboko wanarudi majini kutoka malishoni. Ingieni majini saa 1, mwanga ukiwa umeshakaa sawa. Kilomita 12 bado mtazimaliza saa 4.

Kiboko anakimbilia maji ya kina. Ukiwa kati yake na kina, wewe ndiye kizuizi. Kwa hiyo mkikaribia mahali penye matete au mkono wa maji uliotulia, simameni mbali, gongeni ukingo wa mtumbwi kwa kafi mara kadhaa, msubiri vichwa vijitokeze ndipo mchague njia. Wapeni mita 100 au zaidi. Msikate kona kupita ndani ya matete kwa ajili ya kukwepa upepo, hapo ndipo ajali zinapotokea. Mkiona upepo ni mkali na upande wenye kinga una viboko, siku hiyo hamsafiri. Akiba ya maji lita 20 ni ya siku kama hiyo.

Kambi: tafuteni ufukwe ulio wazi, kisha pandeni juu. Ukiona njia iliyolimwa kama mfereji mpana kutoka majini kwenda nyasini, yenye kinyesi kilichotawanyika, hiyo ni barabara ya kiboko na ataipita usiku huo huo. Hema likae mbali nayo, na moto usiuhesabu kama ulinzi.

Mamba: hakuna kuoga ukingoni, hakuna kuosha sufuria ukiwa umechuchumaa majini. Chota kwa ndoo yenye kamba ukiwa umesimama nyuma, na usichote mahali pamoja kila siku saa ile ile. Magamba ya samaki na mabaki ya chakula yasitupwe mbele ya kambi.

Na mahema ya mlimani, angalieni. Mengi yamefungwa sana kuzuia baridi. Ulizeni lenye wavu mpana milango yote miwili, maana mbu wapo. Mfuko wa kulalia wa baridi ya kilele cha Kibo mtauchukia saa mbili za kwanza. Shuka moja, mkeka na sweta vinatosha.

duka_la_pembejeo

Kuhusu kuzuia maji, msihangaike na mifuko ya bei mbaya. Nendeni duka la pembejeo mkanunue mifuko ya kuhifadhia nafaka, ile ya PICS yenye nailoni mbili ndani ya kiroba. Nguo na malazi ndani ya nailoni ya kwanza, toa hewa, sokota mdomo, ukunje chini, funga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Rudia kwa nailoni ya pili. Kiroba cha nje kinazuia kutoboka. Jaza nusu tu, ukijaza hadi juu hupati mdomo wa kusokota.

Unga, mchele na kiberiti vikae kwenye ndoo ya lita 20, lakini kagua kifuniko. Ndoo isiyo na mpira kwenye ukingo wa kifuniko huvuja ikipinduka. Jaribu: tia maji kidogo, funga, ipindue dakika 10.

Maharage yaacheni nyumbani, yatakula mkaa wote. Dengu, dagaa waliokaangwa kabisa, mchele na unga. Gesi ya kilo 6 mtungi wake ukijaa unakaribia kilo 13, mkaa kilo 4 unawatosha kwa usiku mbili. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema hata likionekana limezimika, ile hewa inaua mtu usingizini.

njia_ya_kahe

Shukrani sana wakuu. Mawili yamebaki. Mizigo tuifunge kwenye mtumbwi au iachwe huru ielee tukipinduka? Na yale maji ya bwawa, yakilazimika, yananyweka?

kafi_mbili

Funga. Mifuko iliyofungwa imara ndani inachukua nafasi ambayo maji yangeingia, hivyo mtumbwi uliopinduka unaelea juu zaidi. Ila kamba ziwe fupi, kila mfuko na yake, zikaze bila kitanzi kinachoning'inia. Kamba ndefu moja iliyopita kote ni mtego wa miguu.

mtu_wa_ruvu

Kwa vizito, sawa. Mimi chakula na nguo ningefunga, ila mfuko mdogo wenye simu, filimbi, kiberiti na dawa uwe mwilini, siyo chomboni. Mtumbwi ukipeperushwa na upepo huwezi kuukimbiza. Jaketi la kuokolea liwe limevaliwa na kufungwa vifungo vyote, likiwa chini ya kiti ni mzigo tu. Wekeni pia upo wa kutolea maji chomboni, yaani dumu la lita 5 lenye mpini lililokatwa tako, na kamba ya kurushia mita 15, ya plastiki inayoelea. Ya nailoni inazama.

Maji ya bwawa: mto Kikuletwa unateremsha maji ya Mlima Meru, kwa hiyo floraidi ipo kwenye mazungumzo, lakini kwa siku tatu haitawafanya kitu. Shida ni tope na vijidudu. Yaacheni yatuame kwenye ndoo usiku kucha, chujeni kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, kisha yachemke kwa nguvu dakika moja. Vidonge vya klorini vinahitaji dakika 30, na kwenye maji ya tope havifanyi kazi vizuri, kwa hiyo kuchuja ni lazima.

Kichocho hakihitaji kunywa, kinapita kwenye ngozi mkiwa mmesimama kwenye maji ya kina kifupi yenye majani. Shukeni penye mchanga, jikausheni haraka. Baada ya wiki 6 hadi 8 mkapime. Kumeza praziquantel mara tu mkirudi ni kupoteza dawa, inaua minyoo iliyokomaa, michanga inabaki.

dada_wa_tengeru

Niongeze la ruhusa. Bwawa lina vijiji na wavuvi, mwambao si mali isiyo na mwenyewe. Pitieni kwa mtendaji wa kijiji mtakapoanzia na mtakapolala, mtaje majina na siku. Hapo hapo ongeeni na BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, wao wanajua nyavu zimetegwa wapi na viboko wamehamia wapi wiki hiyo. Maji yakishuka ufukwe wa mwezi uliopita unakuwa tope la magotini, na ramani ya simu haitawaambia.

Mwachieni mtu Moshi karatasi yenye njia, sehemu za kulala na saa ya kupiga simu. Mkubaliane kabisa: asipopata simu hadi saa 12 jioni ya siku ya tatu, anampigia mtendaji kwanza, halafu 112.

Wiki mbili kabla rudini Duluti na mzigo kamili, kwa ruhusa ya wahusika pale. Pinduka kwa makusudi karibu na ukingo, mwone nini kinazama, na mjue inawachukua dakika ngapi wawili kurudi ndani ya mtumbwi huku wenzao wameushikilia. Zikizidi 5, fanyeni tena.