Sarafu ya dhahabu ya Tabora ya 1916 tuliyorithi: tuitambue, tuithaminishe na tuikatie bima vipi?

Mjukuu wa Unyanyembe
Ndugu wanajukwaa, salaam. Babu yetu alifariki mwaka jana, na tulipofungua sanduku lake tulikuta sarafu moja ya rangi ya dhahabu iliyofungwa kitambaani. Upande mmoja una tembo mbele ya mlima, na upande wa pili una tai pamoja na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA na 15 RUPIEN. Mwaka ni 1916, na ipo herufi T. Sonara mmoja aliipima, akasema ina gramu 7.1, akataja bei ya dhahabu kwa gramu, kisha akaomba aing'arishe kwanza. Shangazi alikataa, akairudisha kitambaani. Naomba kuelekezwa namna ya kujua kama ni halisi, nani anaweza kuithamini, na kama kampuni za bima hupokea kitu cha namna hii.

Mkusanya Rupia
Pole kwa msiba, na umshukuru sana shangazi yako, kwa sababu sarafu iliyong'arishwa hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake machoni pa wakusanyaji, na hasara hiyo haitengenezeki. Msiioshe, msiipake dawa, na msikubali ikwanguliwe kwenye jiwe la sonara.

Ikiwa ni halisi, hiyo ni kazi ya Tabora yenyewe, enzi za koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambayo ndiyo maana ya DEUTSCH OSTAFRIKA. Ilikuwa Vita vya Kwanza vya Dunia: meli za Uingereza zilikuwa zimefunga pwani, fedha kutoka Ujerumani hazikufika tena, na Wajerumani wakaamua kutengeneza sarafu katika karakana ya reli hapo Tabora kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitengenezwa takriban 16,000 tu kabla Wabelgiji hawajauteka mji Septemba 1916. Hapo hapo zilipigwa pia sarafu za senti ndogo za heller, neno ambalo ndilo lililotupatia "hela" tunayoitamka kila siku.

Sarafu halisi ina uzito wa gramu 7.17 hivi, kipenyo cha milimita 22 hivi, na asilimia 75 ya dhahabu, yaani gramu 5.4 za dhahabu safi. Tafuteni mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kisha mpime sarafu ikiwa inaning'inia kwa uzi ndani ya maji, bila kugusa chombo: uzito wake unapaswa kupungua kwa chini kidogo ya nusu gramu. Shaba nyeupe au ya manjano yenye uzito huo ingepungua kwa zaidi ya gramu 0.8, na ingekuwa nene kupita kiasi. Baadaye itazameni kwa kioo cha kukuza, kwa kuwa nakala za kughushi zilizomiminwa kwenye kalibu huwa na vishimo vidogo na herufi zenye kingo butu. Vilevile angalieni urembo ulio chini ya neno OSTAFRIKA, maana zipo aina mbili: ule wa kulia huishia chini ya T au chini ya A ya kwanza.

Vipimo hivyo vinaondoa bandia mbaya tu. Uthibitisho unaokubalika minadani ni wa taasisi za kupima na kupanga daraja kama NGC na PCGS za Marekani, ambazo huifunga sarafu katika kasha lenye namba. Ikiwa katika hali nzuri, bei yake huzidi thamani ya dhahabu mara kadhaa. Kabla ya kuituma nje ya nchi, pateni maandishi kutoka Idara ya Mambo ya Kale na muulize forodha, ili isije ikazuiliwa uwanja wa ndege.

Wakala wa Bima, Mwanza
Naongezea upande wangu. Bima ya kawaida ya vyombo vya nyumbani mara nyingi huondoa fedha na sarafu, au huzilipia kiasi kidogo mno, kwa hiyo ombeni sarafu itajwe peke yake kwenye mkataba kwa thamani iliyokubaliwa na pande zote mbili. Kampuni itataka ripoti ya mthamini yenye tarehe, picha za pande zote mbili, uzito, na mahali inapohifadhiwa. Msikate kwa bei ya sonara, kwani siku ya kudai mtalipwa dhahabu tu. Ulizeni pia kama inalindwa ikiwa safarini.

Mjukuu wa Unyanyembe
Nashukuruni sana wote. Je, bima iandikwe kwa jina la nani, maana warithi ni watano na mirathi bado haijafunguliwa mahakamani?

Wakala wa Bima, Mwanza
Fungueni mirathi kwanza. Anayekata bima lazima awe na maslahi halali katika mali, na kwa sasa mwenye uwezo huo ni msimamizi wa mirathi atakayeteuliwa na mahakama. Aiingize sarafu kwenye orodha ya mali za marehemu pamoja na picha na uzito wake, kisha akate bima akiwa msimamizi. Mkishagawana au kuuza, mkataba ubadilishwe siku hiyo hiyo.