Soko la Jiji na masoko mengine ya Nairobi: tupeane uzoefu

Kikapu_cha_Ngara

Wadau, hamjambo. Kila mradi wa soko unapotajwa hapa Nairobi, tunaonyeshwa michoro, halafu tunaona utepe ukikatwa. Waliouza ndani ya soko na walionunua humo hawaulizwi chochote. Naomba hapa tuulizane sisi wenyewe. Kama umeuza nyama, samaki, mboga, maua au vinyago, kama umebeba mzigo, kama umenunua sokoni miaka mingi, tuambie ulichokiona.

Nianze na historia kidogo. Reli ilifika Nairobi 1899, na biashara ya chakula ikajikusanya kwenye Bazaar ya Wahindi. Tauni ilipozuka 1902, wakoloni waliichoma bazaar ile. Naamini hofu ile ya maradhi haikuwatoka wakubwa wa mji, na ndiyo sababu mojawapo ya wao kutaka chakula kiuzwe chini ya paa, kwenye sakafu inayooshwa. A. M. Jeevanjee, yule ambaye bustani ya Jeevanjee hapa mjini ina jina lake, naye alikuwa na soko lake mjini katika miaka hiyo ya mwanzo. Jengo tunalolijua leo pale Muindi Mbingu Street ni la miaka ya 1930. Liliitwa Soko la Manispaa, na Nairobi ilipopewa hadhi ya jiji 1950 likawa Soko la Jiji.

Ukiingia, inua macho. Matao makubwa ya zege yanabeba paa bila nguzo katikati ya ukumbi, na safu za madirisha huko juu zinaleta mwanga mchana kutwa. Fundi aliyefikiria hivyo alijua kwamba muuzaji wa chakula anahitaji mwanga ili mteja aone anachonunua.

Jina la barabara nalo linastahili kukumbukwa. Muindi Mbingu aliwaongoza Wakamba 1938 kutembea hadi Nairobi kupinga kunyang'anywa mifugo yao, wakati ambapo kiwanda cha nyama kule Athi River kilikuwa kinahitaji ng'ombe. Alihamishiwa Lamu kwa sababu hiyo. Buchari za Soko la Jiji ziko kwenye barabara ya mtu aliyepigania ng'ombe wa watu wake.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: jengo lile si bovu. Kilichochoka ni mifereji, maji, mahali pa barafu na mahali pa kushushia mzigo. Sasa semeni nyinyi.

Kisu_na_Gogo

Asante dada Kikapu. Mimi ni mtu wa nyama, na baba yangu alikuwa mtu wa nyama.

Siku yetu huanza kabla ya matatu kujaa barabarani. Nyama inatoka vichinjioni, sanasana Dagoretti na Kiserian, na mbuzi wengi Kiamaiko. Inafika imening'inia ndani ya gari lenye sanduku lililofungwa, ikiwa na muhuri wa mkaguzi. Vijana wanaibeba mabegani wakiwa na makoti meupe. Hapo ndipo shida ya kwanza ilipo. Gari la nyama linagombania nafasi na teksi, na watu wa ofisi wanaotafuta pa kuegesha. Mji wa miaka ya 1930 haukuwa na magari haya yote. Ukiniuliza usasa wa soko uanzie wapi, nitakwambia uanzie kwenye ile nafasi gari linaposimama kushusha.

Ya pili ni sakafu. Kuna mahali niliwahi kuuza ambapo walitengeneza wakaweka vigae vinavyong'aa. Vilipendeza kwa picha. Sakafu ya buchari ina mafuta na maji kutoka asubuhi mpaka jioni, na kwenye kigae laini mbebaji mwenye robo ya ng'ombe begani anateleza. Nilimwona kijana akianguka na mguu wa nyuma wa fahali juu yake. Hakufa, lakini mgongo wake haukurudi kuwa vile. Sakafu ya zege iliyokwaruzwa, yenye mteremko kuelekea kwenye mfereji, ni bei rahisi na ni salama. Mtu wa nyama yeyote angewaambia hivyo kama wangemuuliza.

Ya tatu ni baridi. Wengi wetu tunanunua tunachoweza kuuza siku hiyo, kwa sababu friji moja ya dukani haitoshi na stima ni ghali. Chumba kimoja kikubwa cha baridi cha pamoja, unalipia kwa kilo, kingebadilisha biashara yote. Ungeweza kununua mnyama mzima bei ikishuka badala ya kuomba robo kwa jirani.

Niseme na jambo jema. Mwezi Julai 2019, televisheni ilipoonyesha habari za kemikali zinazotiwa kwenye nyama za supamaketi, wateja walirudi kwetu kwa wingi. Walikuja wakiuliza: muhuri uko wapi, hii imechinjwa lini, wapi? Nilifurahi mno. Mteja anayeuliza ananifanya niwe mfanyabiashara bora. Namwonyesha muhuri, namkatia akiangalia, mfupa wake anaona, mafuta yake anaona. Hiyo ndiyo nguvu ya soko, na jengo lolote jipya lisiloruhusu mteja kusimama mbele ya gogo akaona kisu kinapita wapi, litakuwa limetuondolea mtaji wetu.

Mpwani_wa_Juu

Salaam aleikum nyote. Kaka Kisu umesema kweli kuhusu baridi, nami niongeze upande wa samaki.

Samaki wa bahari, changu, kolekole, nguru, pweza, walikuwa wakija Nairobi kwa treni ya usiku, na siku hizi wengi wanakuja kwa mabasi na malori ndani ya masanduku ya barafu. Wa ziwani, mbuta na ngege, wanatoka upande wa Kisumu. Watu wakipita sehemu yetu huziba pua na kusema samaki wameoza. Samaki aliyelala kwenye barafu hanuki hivyo. Kinachonuka ni maji. Barafu inayeyuka siku nzima, maji yale yana damu na magamba, na mfereji ukiziba hata saa chache harufu inapanda. Ukienda na sabuni ukaosha meza mara kumi huku mfereji umeziba, hujafanya kitu.

Kwa hiyo ombi langu ni mifereji mipana yenye vichujio vya kutoa magamba, vinavyofunguliwa kwa mkono na muuzaji mwenyewe, asingoje fundi. Halafu barafu itengenezwe papo hapo sokoni.

Mama_Waru

Mimi ni wa Marikiti, pale Haile Selassie. Najua mada ni Soko la Jiji, lakini chakula cha mji huu kinapita kwetu kwanza, kwa hivyo nivumilieni.

Wakulima Market, ndiyo hiyo Marikiti, ilijengwa miaka ya 1960 kwa mji mdogo sana kuliko huu. Leo waru, yaani viazi, inateremka kutoka Kinangop, nyanya kutoka Mwea na Loitokitok, vitunguu vinavuka Namanga kutoka Tanzania, machungwa vilevile, na vyote vinataka kupita mlango uleule. Lori likichelewa kufika usiku, linamaliza muda wa soko nje kwenye foleni, na nyanya hazijui kungoja.

Watu wakisema usasa wanafikiria jengo. Mimi nafikiria mizani. Kwa miaka mingi tulinunua lumbesa, gunia lililojazwa mpaka likashonewa kilemba juu, na mkulima akalipwa kama gunia moja. Nimeuza waru hizo, nimeona wazee wa Nyandarua wakipokea pesa huku wakitikisa vichwa. Kanuni za viazi za 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50. Pale zinapofuatwa, mbebaji wangu habebi tena mzigo wa kumvunja kiuno, na mama mboga ananunua kitu anachojua uzito wake. Pale zisipofuatwa, ni kwa sababu hakuna mizani karibu na hakuna anayesimamia. Soko la kisasa kwangu ni lile lenye mizani mlangoni, inayoonekana na wote.

Kuna soko la Barabara ya Kangundo lililojengwa kupunguza msongamano huku kwetu. Wengi wetu tunasita. Hatuchukii jipya. Mama mboga wa Kawangware au Kibra anakuja kwangu kwa matatu moja na kurudi na magunia yake. Nikihamia mbali analipa mbili au tatu, na faida yake ya siku imeisha njiani. Hesabu ya nauli ya mama mboga ifanywe kwanza, ndipo tuhame.

Ghorofa_ya_Pili

Mama Waru umenigusa, kwa sababu mimi nilihamishwa.

Sitataja soko. Tulikuwa tunauza mboga kwenye vibanda vya mabati, mvua ikinyesha tunasimama kwenye tope, na moto ulikuwa hofu ya kila usiku. Tulipoambiwa tunajengewa jengo la ghorofa nilishangilia kwa dhati. Tulipigiwa kura ya nafasi, na mimi nikapata juu.

Siku za kwanza wateja walikuja kuona. Baadaye wakaacha kupanda. Mtu aliyetoka kazini, ana mkoba, ana mtoto mkononi, anataka sukuma ya ishirini, dania na nyanya tatu. Hatapanda ngazi kwa ajili ya hayo wakati kuna mwenye mkokoteni langoni anayeuza vitu hivyohivyo. Wenzangu wakaanza kushuka jioni na vikapu vyao kuuza pembeni ya barabara, kule kule tulikotolewa, wakawa wanafukuzwa. Muthurwa ilipofunguliwa 2008 ilikuwa vivyo hivyo, wachuuzi waliopelekwa pale wakarudi barabarani kufuata wateja. Somo hilo tulikuwa nalo tayari mjini.

Vipimo navyo! Meza zilikuwa nyembamba, zinafaa nguo zilizokunjwa. Kabichi kumi zikijaa, huna pa kuweka karoti. Bomba la maji lilikuwa moja, pembeni kabisa, na mboga bila maji inakauka kufikia saa nane.

Lakini nataka niwe wa haki. Jengo lile lilinipa choo safi chenye mlango unaofungika. Wanaume hapa huenda hamjui uzito wa jambo hilo kwa mwanamke anayeshinda sokoni kutoka asubuhi. Lilinipa stoo ya kufungia, kwa hivyo sikulala nikiwaza moto wala wezi. Lilinipa taa, nikauza mpaka usiku. Na nafasi yangu ya juu, baada ya kulia sana, niliigeuza: nikaanza kukata mboga, kuosha, kufunga, na kuwapelekea wenye hoteli wanaoagiza kwa simu na kulipa kwa M-Pesa. Mteja hapandi, mzigo ndio unashuka. Leo ndiyo kazi yangu.

Ningeshauri hivi: chini kuwe mboga, matunda, nyama na samaki. Juu kuwe mafundi cherehani, vinyozi, wasusi, ofisi, na sisi tunaokata na kufunga. Jambo dogo hilo la nani akae wapi linaua au kuokoa soko.

Beba_Beba

Mkokoteni hauna ngazi. Tuwekeeni njia ya mteremko na lango pana. Asante.

Shanga_na_Vinyago

Nauza vinyago, viondo na shanga Soko la Jiji. Wapo wanaosema sisi tumekifukuza chakula ndani ya ukumbi mkubwa, kwamba mahali pa mboga pamekuwa pa watalii. Naelewa uchungu huo. Lakini sisi tulijaza nafasi mboga zilipopungua, wanunuzi wengi walipohamia mitaani na kwenye supamaketi. Na mtalii ni mteja wa msimu. Baada ya bomu la Agosti 1998 tulikaa bila kuuza. Mwaka 2020 tena, corona, ukumbi kimya. Waliotulisha miezi ile ni majirani zetu wa nyama na samaki, waliotukopesha wakijua hatuna. Kwa hivyo mimi sitaki soko la vinyago peke yake. Nataka mboga zirudi ndani, hata kama nitapunguziwa meza. Anayekuja kununua samaki huona na kiondo.

Kikapu_cha_Ngara

Nimesoma yote, na nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia. Dada Shanga, hilo la kukubali kupunguziwa meza limenigusa sana. Swali langu kwa mama wa Ghorofa: tukiambiwa kesho tupishe ukarabati, tufanye nini kabla ya kutoka?

Ghorofa_ya_Pili

Piga picha meza yako na namba yake ionekane. Tunza risiti za ushuru, zote, hata zilizofifia. Andikeni orodha yenu wenyewe ya nani yuko wapi na anauza nini, kila mtu aweke sahihi, nakala ibaki kwa watu watatu tofauti. Kwetu orodha iliyoletwa siku ya kura ilikuwa na majina tusiyoyajua, na tukakosa cha kuwaonyesha.

Halafu ombeni kazi ifanyike upande mmoja kwa mmoja. Soko likifungwa lote, mteja wako atapata mwingine.

Kisu_na_Gogo

Upande mmoja kwa mmoja inawezekana kabisa pale kwetu, kwa sababu buchari na ukumbi mkubwa ni sehemu mbalimbali. Orodha ya upande wa nyama nitaianza Jumatatu asubuhi, kabla magari hayajafika. Mpwani, anza ya samaki.

Mpwani_wa_Juu

Inshallah. Nitaandika na ni mfereji upi umeziba mbele ya meza ya nani, tuipeleke pamoja na majina.